Presha ya jicho 34 baada ya mafuta ya silikoni: mafuta yatolewe au mrija uwekwe?

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 61. Miaka sita iliyopita alifanyiwa trabekulektomi (upasuaji wa kutoboa njia mpya ya kutolea maji ya jicho) jicho la kulia kwa ajili ya glaukoma, ugonjwa wa presha ya jicho unaoharibu neva ya kuona, presha hiyo ikatulia kati ya 13 na 15 bila dawa. Miezi minne iliyopita retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, ilibanduka katika jicho hilo hilo. Alifanyiwa vitrektomi (kutolewa ute unaojaza jicho), akatolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi, mwisho jicho likajazwa mafuta ya silikoni ya kuishikilia retina. Retina imeshika. Tatizo ni presha: sasa ni 34, na anatumia dawa tatu za matone za presha pamoja na ile nyeupe ya kutikisa, mara nne kwa siku tangu siku ya upasuaji. Daktari wa retina anasema mafuta yatolewe. Daktari wa glaukoma anasema awekewe mrija wa kutolea maji ya jicho. Tumsikilize nani? Na je, upasuaji wa pili ndio ulioharibu wa kwanza?

Jibu:

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, ila swali la mafuta au mrija limekuja mapema kidogo. Presha ya 34 ndani ya jicho lenye mafuta ya silikoni ina vyanzo kadhaa, na kila chanzo kina tiba yake. Kutoa mafuta kunatibu baadhi. Mrija unatibu vingine. Kimoja hutibiwa kwa kubadilisha chupa ya dawa, na kwa jinsi ulivyoeleza, mimi ningeanza na hicho.

Chupa nyeupe ya kutikisa

Dawa nyeupe inayotikiswa kabla ya kudondoshwa, kwa mtu aliyetoka kupasuliwa jicho, karibu kila mara ni prednisoloni ya asilimia 1. Hiyo ni steroidi. Kazi yake ni kutuliza uvimbe wa ndani, na kwa kawaida hupunguzwa kidogo kidogo hadi kuachwa katika wiki 4 hadi 8. Mara nne kwa siku kwa miezi minne ni nyingi, isipokuwa daktari awe na sababu ya wazi ya kuiendeleza. Takriban theluthi ya watu wote presha yao hupanda kwa kiasi wakitumia matone haya wiki nne hadi sita. Kwa wenye glaukoma, wanaopandishiwa ni wengi zaidi. Muulizeni pia daktari wa retina kama alidunga triamsinoloni ndani ya jicho au pembeni yake wakati wa kumaliza upasuaji, kwa sababu hiyo nayo ni steroidi, na hukaa muda mrefu bila mgonjwa kujua kwamba anayo.

Msiiache wenyewe. Ikikatwa ghafla, uvimbe unaweza kurudi, na uvimbe ndani ya jicho lililobanduka retina huchochea makovu yanayoikunja retina na kuibandua upya. Daktari anaweza kuipunguza kwa ratiba, au kubadilisha kwenda fluorometoloni au loteprednoli, ambazo ni steroidi zisizopandisha presha kwa kiwango hicho. Kama steroidi ndiyo yenye kosa, presha huanza kushuka ndani ya siku chache hadi wiki nne hivi.

Lakini chupa hiyo haielezi kila kitu. Steroidi hupandisha presha kwa kukaza kichujio cha asili kilichoko kwenye pembe ya jicho, pale irisi (duara lenye rangi) inapokutana na konea (kioo cha mbele cha jicho). Mtu ambaye trabekulektomi yake inafanya kazi hategemei tena kichujio hicho: maji ya jicho hupita kwenye tundu lililotengenezwa na daktari, yakakusanyika kwenye kilengelenge kidogo kilichojificha nyuma ya kope la juu. Kilengelenge kikiwa hai, steroidi haina njia rahisi ya kuifikisha presha 34. Kwa hiyo namba hiyo inatueleza jambo la pili: kilengelenge cha mama kimeziba, au kimebaki kidogo kizibe.

Je, vitrektomi iliua trabekulektomi?

Kwa uwezekano mkubwa, ndiyo, na hilo haliwi uzembe. Kilengelenge huishi kwa sababu utando laini ulio juu ya weupe wa jicho haujashikana na weupe wenyewe. Kitu chochote kinacholeta uvimbe mwingi kinaushikanisha. Vitrektomi inaleta uvimbe, kutoa mtoto wa jicho kunaongeza, na kubanduka kwa retina kwenyewe kunamwaga ndani ya jicho kemikali za kujenga kovu. Mkanda wa silikoni unaozungushwa nje ya jicho ungekuwa mbaya zaidi, maana kuuweka kunahitaji kuuinua utando huo pande zote, na mahali palipoinuliwa hupona kwa kovu.

Daktari anayekijali kilengelenge hutumia vyombo vyembamba vya geji 23 au 25, yaani vyenye upana wa kama milimita 0.6 au 0.5, akivipitisha moja kwa moja bila kuukata utando, na husogeza matundu yake mbali na kilengelenge. Matundu hayo hutobolewa milimita 3.5 nyuma ya mpaka wa konea kwa jicho lenye lenzi bandia, na milimita 4 kwa jicho lenye lenzi ya asili. Mwishoni huyashona hata kama yanaonekana kujifunga yenyewe, kwa sababu jicho lenye trabekulektomi likivuja pembeni hulegea haraka. Hayo yote hupunguza hatari tu. Retina iliyobanduka ikiachwa, jicho hupofuka, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hiari ya kusubiri.

Njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii ni mafuta yenyewe. Matone ya silikoni yanaweza kupenya tundu la trabekulektomi na kukaa chini ya utando. Daktari akigeuza kope la juu huyaona kama vipovu vidogo vinavyong'aa ndani ya kilengelenge. Yakishaingia hapo huamsha kovu, na kuyatoa yote ni vigumu.

Pia ndiyo sababu sipendi kilengelenge kilichoziba kichokonolewe kwa sindano wakati jicho bado limejaa mafuta. Katika jicho la kawaida ni jaribio zuri: sindano nyembamba inakata kovu, na dawa ya kuzuia kovu kama fluorourasili (miligramu 5) inadungwa pembeni. Kwenye jicho la mama mnaweza kuwa mnayafungulia mafuta mlango.

Lini presha ilipanda?

Tafuteni kadi zote za kliniki mziandike presha kwa tarehe. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko maelezo marefu.

Presha iliyopanda ndani ya siku moja au mbili za kwanza huwa na sababu za kimakanika: mafuta yamejazwa kupita kiasi, ute bandia wa upasuaji umebaki ndani, utando wa protini umeziba mboni, au tabaka la mishipa ya damu nyuma ya jicho limevimba na kuisukuma irisi mbele. (Kwa msomaji aliyewekewa gesi badala ya mafuta: gesi ya SF6 isiyochanganywa hutanuka mara mbili, na C3F8 mara nne. Ndiyo maana hupunguzwa nguvu kwa hewa, kwa kawaida hadi asilimia 20 na asilimia 14, ili isitanuke. Mwenye gesi jichoni hapandi ndege wala milima mirefu, na akilazwa kwa upasuaji wowote mtaalamu wa usingizi lazima ajue, kwa sababu gesi ya nitrasi oksidi huingia kwenye kiputo na kupandisha presha vibaya sana.)

Iliyopanda kati ya wiki ya pili na ya sita, mshukiwa wa kwanza ni steroidi. Wa pili ni damu iliyomwagika ndani: chembe nyekundu zilizozeeka hupoteza rangi, hukakamaa, na kunasa kwenye kichujio.

Iliyopanda polepole kuanzia mwezi wa tatu na kuendelea, hapo mafuta yaliyomeguka yanaingia kwenye orodha kwa uzito, pamoja na pembe iliyojifunga kwa kovu, na mishipa mipya ya damu hasa kama mgonjwa ana kisukari au aliwahi kuziba mshipa wa retina.

Uchunguzi unaoamua

Hakuna daktari anayepaswa kuchagua upasuaji kabla ya kuitazama pembe ya jicho kwa lenzi yenye vioo. Inaitwa gonioskopi, inachukua dakika chache, haina maumivu zaidi ya ganzi ya matone, na inashangaza ni mara ngapi inarukwa katika kliniki za retina.

Mafuta ya silikoni ya kawaida ni mepesi kidogo kuliko maji. Uzito wake ni kama 0.97 wa maji. Kwa hiyo huelea. Yanapozeeka ndani ya jicho humeguka kuwa vitone vidogo sana, na mgonjwa akiwa ameketi vitone hivyo hupanda hadi juu kabisa ya chumba cha mbele, nyuma ya konea. Vikiwa vingi huonekana kama mstari mweupe ulionyooka, umelala juu ya irisi. Sisi madaktari tumezoea kutafuta uchafu chini, ambako usaha na damu hutuama, na hapo juu pamefunikwa na kope. Asiyeinua kope na kuelekeza kioo juu anaweza kuandika "pembe iko wazi na safi" kwa jicho lililojaa povu la silikoni.

Gonioskopi pia inaonyesha kama irisi imeshikana na konea. Robo tatu ya pembe ikishafungwa kwa kovu, kutoa mafuta hakutaifungua. Na inaonyesha mishipa mipya, ambayo hubadilisha mpango wote: hapo tiba ya kwanza ni dawa ya kuzuia mishipa kama bevasizumabu, miligramu 1.25 ndani ya mililita 0.05, ikifuatwa na leza ya retina, kwa kawaida mapigo 1,200 hadi 1,600. Dawa husinyaza mishipa ndani ya siku chache, lakini ni leza inayoondoa sababu. Kumbukeni kwamba katika jicho lililokwisha kufanyiwa vitrektomi dawa za kudungwa huondoka haraka kuliko kawaida.

Kitu kingine cha kutazama ni kina cha chumba cha mbele. Kikiwa kifupi na mafuta yamesukuma kutoka nyuma, mboni imezibwa. Kwa macho yasiyo na lenzi kabisa, mpasuaji hutoboa tundu dogo chini kabisa ya irisi, maana maji huzama chini ya mafuta na yanahitaji njia ya kupita hapo. Tundu hilo likizibwa na protini, presha hupanda ghafla. Leza ya YAG hulifungua kwa dakika chache. Mama ana lenzi bandia, hivyo hatari hii kwake ni ndogo, lakini haigharimu kitu kuiangalia.

Kutoa mafuta kunasaidia nini

Mafuta mara nyingi hutolewa kati ya mwezi wa tatu na wa sita, retina ikiwa imeshika na makovu ya leza yamekomaa. Kwa hiyo miezi minne ni wakati unaofaa. Kutoa mafuta kunasimamisha mmiminiko wa vitone vipya. Kama presha ilitokana na kujazwa kupita kiasi, au vitone ndiyo vimeanza kuonekana juzi, presha inaweza kurudi chini bila mrija.

Hakuondoi vitone vilivyokwisha kunasa ndani ya kichujio. Mpasuaji makini hubadilisha maji na hewa mara tatu hivi ili kusuuza mabaki, na huosha chumba cha mbele pia, lakini vilivyomezwa na seli za kichujio vimemezwa. Ndiyo maana wagonjwa wengi hutolewa mafuta na presha ikabaki juu. Daktari akiwaambia "tukitoa mafuta presha itashuka", mwulizeni aliona nini kwenye pembe.

Na kuna hatari mbili za upande mwingine. Retina inaweza kubanduka tena, kwa kawaida katika wiki za mwanzo, mafuta yakiwa hayaishikilii tena. Au presha ikaanguka chini ya 5 kwa sababu mwili unaotengeneza maji ya jicho umechoka au umefunikwa na kovu. Mtu aliyekuwa na 34 kuanguka hadi 4 husikika kama mzaha, lakini hutokea, na jicho la namna hiyo wakati mwingine halina budi kurudishiwa mafuta ili lisisinyae.

Mrija katika jicho lenye mafuta, au lililowahi kuwa nayo

Trabekulektomi mpya siishauri. Utando umekwisha kovu. Mrija ndio chaguo la maana, kwa sababu hupeleka maji mbali nyuma, kwenye bamba lililoshonwa milimita 8 hadi 10 kutoka mpaka wa konea, chini ya utando ambao haujaguswa sana.

Aina ni mbili. Ahmed ina vali na bamba la milimita za mraba 184. Inaanza kushusha presha siku hiyo hiyo. Baerveldt haina vali, bamba lake ni milimita za mraba 250 au 350, na mara nyingi hushusha presha zaidi kwa muda mrefu. Lakini lazima mrija wake ufungwe kwa uzi unaoyeyuka, la sivyo jicho litamwaga maji yote kabla kovu la kuzunguka bamba halijajengeka. Uzi huo huachia baada ya wiki 4 hadi 6. Kwa presha ya 34 katika jicho ambalo neva yake imekwisha kuumwa, wiki sita za kusubiri ni ndefu. Kwa mama ningeegemea Ahmed, na sababu ya pili ni kwamba jicho lililotolewa ute hulegea na kujikunja vibaya presha ikianguka ghafla. Vali ni kinga, japo si kamili.

Vali hiyo ina jambo moja ambalo mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, kovu linapojijenga kuzunguka bamba, presha hupanda tena, mara nyingine hadi thelathini na kitu. Wengi hudhani upasuaji umeshindwa. Kwa kawaida dawa za matone hulivusha jicho, na presha hushuka kovu likilainika.

Sasa mahali pa kuuweka. Kama mafuta yatabaki ndani, mrija uwekwe chini. Mafuta yanaelea, hivyo mdomo wa mrija ulio juu utayafyonza, yataziba mrija au yatatokea chini ya utando na kutengeneza uvimbe. Kuwekwa chini kuna gharama zake: nafasi ni finyu, bamba linaweza kuonekana kope la chini likishuka, na baadhi ya watu huona vitu viwili viwili. Kama mafuta yanatolewa siku hiyo hiyo, juu kwa upande wa sikio panawezekana, kando ya kilengelenge cha zamani. Binafsi, retina ikiwa na dalili yoyote ya kubanduka tena, ningeuweka chini hata hivyo, maana mafuta yakilazimika kurudi hamtaki mrija ulio juu ukiyangoja.

Mdomo wa mrija unaweza kuingia chumba cha mbele, ukielekea ndani milimita 2 hadi 3 sambamba na irisi bila kuigusa konea. Ukigusa konea, seli zake za ndani hufa na kioo cha jicho hupata ukungu wa kudumu. Katika jicho lililofanyiwa vitrektomi kuna nafasi nyingine: kuupitisha nyuma ya irisi, milimita 3.5 hadi 4 kutoka mpaka wa konea. Hapo konea iko salama. Sharti ni moja, na ndipo daktari wa retina na wa glaukoma wanapolazimika kuzungumza: ute wote wa pembezoni uwe umekatwa safi hadi mizizi, hasa upande mrija utakapoingia. Ute uliosalia huvutwa na kuziba mdomo wa mrija, au huivuta retina na kuichana. Daktari wa glaukoma hawezi kujua hilo kwa kuangalia tu kwa mbele; amwulize aliyepasua.

Vali hujaribiwa kabla ya kuwekwa, kwa kusukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano hadi yatoke kwenye bamba. Isipofunguliwa hivyo, kuta zake hubaki zimeshikana na mrija haupitishi kitu. Sehemu ya mrija iliyo juu ya weupe wa jicho hufunikwa kwa kipande cha weupe wa jicho au konea iliyotolewa na mchangiaji, kwa sababu mrija uliotokeza nje ni njia ya bakteria kuingia moja kwa moja ndani.

Leza ya kupunguza maji

Ipo njia ya tatu ambayo hamkutajiwa: leza ya dayodi ya nanomita 810 inayochoma kidogo mwili unaotengeneza maji ya jicho. Hupigwa kutoka nje, kwa kawaida miliwati 1,500 hadi 2,000 kwa sekunde 2 kila pigo, ikirukwa sehemu za kushoto na kulia kabisa ambako neva na mishipa mikubwa hupita. Haijali utando ukoje wala mafuta yako wapi. Matokeo hupimwa baada ya wiki 4 hadi 6, na inaweza kurudiwa. Ubaya wake ni kwamba kilichochomwa hakirudi, na jicho ambalo tayari linaweza kuishiwa nguvu ya kutengeneza maji likichomwa kupita kiasi husinyaa. Naiona kuwa ya jicho lenye mafuta ya kudumu au lenye uoni mdogo. Kama mama bado anasoma herufi kadhaa za ubao kwa jicho hilo, iwe akiba.

Upasuaji wa glaukoma unavyoisumbua retina

Kwa kuwa huenda mrija ukawekwa, mjue nini cha kuogopa kutoka upande huo. Presha ikishuka mno, tabaka la mishipa ya damu hujaa maji na kuinuka; mgonjwa huona kivuli cha duara pembeni. Mara nyingi hutulia kwa atropini na steroidi. Damu ikimwagika kwenye nafasi hiyo hiyo, hilo ni jambo jingine kabisa: maumivu makali ya ghafla, pengine wakati wa kukohoa au kujikamua chooni, uoni unapotea papo hapo. Waliofanyiwa vitrektomi, wasioona mbali wanaovaa miwani minene, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wako hatarini zaidi. Damu hiyo kwa kawaida haitolewi siku ya kwanza. Husubiriwa kama siku 10 hadi 14 iyeyuke. Kwa hiyo baada ya mrija mama asiiname kuinua vitu vizito, na apewe dawa ya kulainisha choo.

Maambukizi ndani ya jicho yanaweza kuja hata miaka mingi baada ya trabekulektomi, kilengelenge kikiwa chembamba. Jicho jekundu, tongotongo, maumivu, uoni kushuka: hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Bakteria wa maambukizi haya ni wakali kuliko wale wa baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho.

Dawa wakati mnasubiri

Kati ya tone moja na jingine ziachwe dakika 5, na kona ya ndani ya jicho ibanwe kwa kidole dakika 2. Timololi haifai kwa mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole. Latanoprosti na ndugu zake zinaweza kuivimbisha makula (sehemu ya katikati ya retina) katika jicho lililopasuliwa. Uoni wa katikati ukififia bila sababu, tajeni dawa hiyo. Pilokapini sitaki kuiona karibu na jicho hili, kwa kuwa inavuta retina. Vidonge vya asetazolamidi, miligramu 250 mara nne kwa siku, huvusha wiki chache. Vidole hufa ganzi kidogo na mkojo huongezeka, jambo la kawaida. Asipewe kabla ya kuulizwa kuhusu figo, selimundu na mzio wa dawa za salfa.

34 si dharura ya usiku wa leo. Katika neva iliyokwisha kuumwa na glaukoma, hata hivyo, ni suala la wiki, halisubiri miezi. Ikipita 40, au ikija na kichefuchefu na ukungu, isisubiri: nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mpango ningeufuata

Wiki hii: gonioskopi, kope la juu ligeuzwe, chupa nyeupe ipunguzwe au ibadilishwe, na kipimo cha uwanja wa kuona kifanyike kama jicho linaweza. Picha ya unene wa tabaka la neva isiaminiwe peke yake, kwa sababu upasuaji wa retina wenyewe unaweza kubadilisha unene huo. Linganisheni na vipimo vya zamani, vya kabla retina haijabanduka.

Pembe ikiwa wazi, vitone vichache, na uwanja wa kuona bado mpana: mafuta yatolewe kwanza, presha ifuatwe wiki 4 hadi 6 kwa dawa. Pembe ikiwa imejaa povu au imefungwa, au uwanja wa kuona umebaki kidogo katikati: mafuta yatolewe na mrija uwekwe katika kikao kimoja, madaktari wote wawili wakiwa wamekubaliana mrija uingie wapi. Retina ikihitaji mafuta daima: mrija chini, au leza.

Na jicho la kushoto lipimwe siku hiyo hiyo, mboni ikiwa imetanuliwa, hadi ukingoni mwa retina. Glaukoma kwa kawaida huwa ya macho yote mawili, na retina iliyochanika upande mmoja mara nyingi ina mwenziwe dhaifu upande wa pili, ambao leza ya dakika chache huweza kuuzingira kabla haujabanduka.